Kobalti ni 27: Moseley na mashini ya depo

Wandugu wasomi, leo nitawapeleka Manchester, mwaka 1913. Lakini tutapitia kwanza Kolwezi, juu njo kule swali lilinikuta.

Baba yangu mdogo anachimba. Siku moja nilikuwa likizo, akaniomba nimsindikize kuuza. Kwenye depo ya kwanza walichukua jiwe moja jeusi juu ya mfuko, wakaligusa na kile chombo chenye umbo la bastola. Wachimbaji wote wanakiita metorex, kampuni yoyote iwe imekitengeneza. Sekunde chache, namba ikatoka: kobalti, asilimia 1,9. Tukaenda depo ya pili na mfuko ule ule. 3,1.

Baba mdogo hakugombana na mtu. Aligeuka kwangu: «Mwanangu, weye njo ulisoma chimie. Hii mashini iko naona nini ndani ya jiwe?»

«Ni mionzi ya X, Papa.»

«Sikukuuliza jina yake. Nilikuuliza iko naona nini.»

Nikanyamaza. Mimi ambaye kwenye mtihani niliandika elektroni za kobalti bila kufikiri, 2, 8, 15, 2, na profesa akanipa pointi zote! Nilijua kugawa elektroni kwenye matabaka kama mtu anayegawa viti kwenye harusi. Kwa nini matabaka yale yapo, na nani aliyeyaona, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaenda kutafuta.

Mwaka 1869, Mendeleev alipopanga elementi kufuata uzito wa atomu, alikwama kwenye madini yetu. Nikeli na kobalti aliziandika mahali pamoja, zote 59. Baadaye watu wakapima vizuri zaidi: kobalti 58,93, nikeli 58,69. Kwa hiyo ukifuata uzito, nikeli ingetangulia. Ukifuata tabia yao ya kikemia, kobalti njo inatangulia. Wakemia wakaweka kobalti mbele, bila kuwa na sababu ya maana ya kutoa. Telurium na iodi walikuwa na ugomvi wa namna hiyo hiyo. Namba ya elementi wakati ule ilikuwa kama namba ya nyumba kwenye avenue: inaonyesha foleni tu, haisemi kitu juu ya mtu anayeishi ndani.

Mwaka 1911, Rutherford, kule Manchester, alionyesha kwamba atomu iko na kiini kidogo sana chenye chaji chanya. Mholanzi mmoja, Antonius van den Broek, ambaye kazi yake ilikuwa sheria na si fizikia, akapendekeza kwamba ile namba ya foleni njo chaji yenyewe ya kiini. Wazo zuri. Lakini nani atahesabu chaji za kiini ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona?

Hapo anaingia Henry Moseley, kijana wa miaka 25 katika maabara ya Rutherford. Alijua kwamba ukipiga metali na elektroni zenye nguvu, inatoa mionzi ya X ya kwake mwenyewe. Mionzi ya X ni mwanga kama huu wa taa, ila punje zake ziko na nishati maelfu ya mara zaidi. Na tangu 1912 watu walikuwa wamejifunza kuutenganisha kwa kutumia kristali. Moseley akapanga vipande vya metali juu ya kigari kidogo ndani ya tyubu isiyo na hewa, akawa anakivuta kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, kipande kimoja baada ya kingine mbele ya elektroni. Mwanga ukapita kwenye kristali, ukaacha mistari juu ya sahani ya picha.

Makala yake ya kwanza ilitoka Desemba 1913. Ndani yake kuna kalsiamu, titani, vanadi, kromi, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, shaba na zinki (ya zinki alitumia shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba na zinki). Nilipoona orodha hiyo nilicheka peke yangu. Nusu yake unaikuta kwenye mfuko wa baba mdogo! Na huku kwetu tanuru ya Lubumbashi ilikuwa imeanza kumwaga shaba mwaka 1911 tu.

Picha zile zinafanana na ngazi. Kila elementi inapanda hatua moja, sawasawa, na kobalti iko chini ya nikeli. Uzito uliwadanganya watu, mwanga haukuwadanganya. Kobalti 27, nikeli 28, shaba 29. Kati ya kalsiamu na titani hatua moja ilikosekana, nafasi ya skandi ambayo hakuipima, na ngazi yenyewe ilionyesha tundu lile wazi. Kazi iliyofuata, mwaka 1914, ilionyesha nafasi tupu 43, 61 na 75, na elementi zote tatu zilipatikana baada ya yeye kufa.

Sasa tufanye hesabu, msikimbie. Mwaka ule ule wa 1913, Bohr alieleza kwamba elektroni ya hidrojeni inakaa kwenye ngazi za nishati, na ikishuka kutoka ya pili hadi ya kwanza inatoa punje ya mwanga ya elektronivolti 10,2. Kanuni ya Moseley, ukiiandika kwa lugha hiyo, ni hii: chukua namba ya atomu, toa 1, zidisha kwa yenyewe, halafu zidisha kwa 10,2. Kobalti: 26 mara 26 ni 676, mara 10,2 inakaribia 6 900. Vipimo vya leo vinasema 6 930. Shaba: 28 mara 28 mara 10,2, karibu 8 000, vipimo vinasema 8 050. Kwa kalamu tu, bila mashini!

Kwa nini tunatoa 1? Tabaka la ndani kabisa, K, linabeba elektroni mbili. Ukifukuza moja, pale pake panabaki tundu, na elektroni ya tabaka L inaanguka kulijaza. Inapoanguka inatoa punje ya mwanga. Lakini elektroni ile nyingine ya K bado iko pale, inakinga karibu chaji moja ya kiini. Kwa hiyo ile «2» niliyokuwa naandika mwanzoni mwa kila jibu la mtihani njo mashini ya depo inaigusa.

Nikarudi kwa baba mdogo na jibu: mashini inaona kuanguka kwa elektroni. Inapima nishati ya kila punje, na inahesabu punje ni ngapi. Nishati inasema ni nani. Hesabu inasema yuko mwingi kiasi gani.

Akafikiri. «Basi depo zote mbili zilisema ukweli?»

Hili swali ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa chuoni. Juu ya «nani», hakuna wa kumdanganya: kobalti haiwezi kutoa mwanga wa nikeli. Moseley mwenyewe aliona kwenye sahani ya kobalti mistari hafifu ya chuma na nikeli, uchafu wa kipande chake, akaandika kwamba njia hii inaweza kuwa na nguvu sana katika kuchunguza vitu. Shida inaanza kwenye «kiasi gani». Punje za kobalti haziwezi kutoka ndani ya jiwe. Zinazofika kwenye chombo zimetoka kwenye ngozi ya juu, chini ya milimita moja. Ukigusa upande mweusi, unapata namba moja. Ukigusa upande wenye udongo, namba nyingine. Teneur ya mfuko mzima haiko kwenye jiwe moja. Maji nayo yanapunguza namba. Na chuma, ambayo iko kila mahali kwenye udongo wetu mwekundu, iko na mstari wa pili kwenye 7 060, karibu kabisa na 6 930 ya kobalti. Programu inapaswa kutoa sehemu ya chuma kabla ya kuhesabu, na kama haikupangwa kwa mawe yanayofanana na haya, itatoa nyingi au kidogo.

Kitu kimoja kilimkasirisha kweli. Kule depo walipima jiwe likiwa bichi, halafu kwenye mzani wakakata kilo juu ya unyevu. «Maji moja, banakata mara mbili!» Sikuwa nimeliona hilo, mimi mwenye diplome. Ukipima bichi, namba imekwisha kushuka. Uzito usikatwe tena. Ukikata uzito, basi pima kilichokauka.

Moseley hakuona yoyote ya haya. Vita vilipoanza mwaka 1914 alijiandikisha jeshini, ingawa angeweza kubaki maabara. Tarehe 10 Agosti 1915, kule Gallipoli, risasi ilimpata kichwani. Alikuwa na miaka 27, namba ya kobalti. Najua ni bahati mbaya tu ya hesabu, lakini siwezi kuiondoa kichwani.

Safari iliyofuata baba mdogo alichukua kidogo kutoka kila mfuko, akakausha kwenye jua, akatwanga katika kinu cha zamani cha mama mdogo (ambaye hakufurahi hata kidogo), akachanganya, akafunga katika vikaratasi vitatu. Mnunuzi alikataa karatasi ya kwanza. Baba mdogo akamwambia aguse mara tatu, mbele ya watu wote, na kama namba zitapishana sana atarudi nyumbani na mifuko yake. 2,6. 2,7. 2,6.

Alilipwa kwa 2,6.