Utafiti wa kisaikolojia na kijamii kuhusu watoto wenye maradhi mazito

Ni taaluma inayochunguza jinsi mtoto mwenye saratani au ugonjwa mwingine unaotishia uhai, pamoja na wazazi na ndugu zake, wanavyoishi na ugonjwa huo, na msaada unaowafaa.

Suala zito kuliko yote ni kama mtoto aambiwe ukweli. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alichapisha kitabu *The Private Worlds of Dying Children*, matunda ya kukaa hospitalini na watoto wenye saratani ya damu. Alionyesha kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 walitambua kuwa wanakufa, ingawa watu wazima waliwaficha. Walinyamaza ili wasiwaumize wazazi, nao wazazi wakanyamaza ili wasiwaumize watoto. Kila upande ukabeba huzuni yake peke yake.

Nchini Uswidi, Ulrika Kreicbergs na wenzake waliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: kati ya wazazi 147 waliozungumza na mtoto wao kuhusu kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Wengi walionyamaza hawakujuta, kwa hiyo haifai kumlazimisha mzazi. Lakini hofu kwamba atajilaumu kwa kusema ilikosa ushahidi.

Mwaka 2015 wataalamu walichapisha viwango 15 vya huduma ya kisaikolojia na kijamii kwa watoto wenye saratani. Vinawahusu pia ndugu wa mgonjwa, na vinataka familia ifuatiliwe baada ya msiba.