Nani Hufundishwa Kuchanga Karata?

Katika lugha yetu ya siasa ni sitiari chache zilizochakaa kama ile ya kuchanga karata. Uchaguzi unapokaribia tunaambiwa nani amezichanga vema, nani amebaki na turufu mkononi na nani amekosea kuzitupa. Ni nadra mtu kuuliza kuchanga kwenyewe hufanywaje, na mkono wa mchangaji huweza kuficha nini. Makala hii inairudisha sitiari hiyo kwenye maana yake ya asili, yaani karata za kweli na kiinimacho kinachofanywa kwazo. Hoja yangu ni kwamba historia ya watu waliojifunza ufundi huo ni historia ya kugawana, au kunyimana, elimu ya udanganyifu. Jamii ambayo elimu hiyo imebaki mikononi mwa wachache hutawalika na kuibiwa kwa urahisi zaidi.

Tuanze na karata zenyewe. Zilifika Ulaya katika karne ya 14 kutoka ulimwengu wa Kiislamu, na mwaka 1377 watawala wa Florence walikuwa tayari wameanza kuzidhibiti. Katika jumba la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Wamamluki wa Misri zenye mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Chini ya mfalme wa kila fungu alikuwapo naibu wake, na kutokana na neno hilo la Kiarabu Wahispania waliziita karata *naipes*. Kwa hiyo neno tunalolitumia kwa naibu waziri ni ndugu wa jina la karata kule Hispania. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulizipokea kwa mkono wa Wareno, nao wakatuachia kopa, uru, shupaza, pau, na neno karata lenyewe.

Kitabu muhimu cha mwanzo katika Kiingereza kinachomfundisha mtu kiinimacho cha karata hakikuandikwa kwa ajili ya burudani. Mwandishi wake, Reginald Scot, alikuwa mwenyeji wa Kent nchini Uingereza, na kitabu chake, *The Discoverie of Witchcraft*, kilitoka mwaka 1584. Miaka miwili kabla yake, katika kijiji cha St Osyth, Essex, wanawake kadhaa walishtakiwa kwa uchawi na baadhi yao wakanyongwa. Scot aliona kwamba wengi wa washtakiwa wa aina hiyo walikuwa vikongwe maskini wasio na mtetezi. Mahakimu waliamini kwamba jambo lisiloelezeka lazima litokane na shetani. Yeye akaamua kueleza. Alimwendea Mfaransa mmoja fundi wa kiinimacho aliyeishi London, akajifunza, kisha akaandika jinsi sarafu inavyopotezwa mkononi, jinsi kichwa kinavyoonekana kukatwa, na jinsi karata zinavyodanganya.

Ushauri wake kwa anayeanza bado ni somo la kwanza hadi leo: changa kwa wepesi, lakini daima jua karata moja iko wapi, hasa ile ya chini. Utaratibu wake ni mwepesi. Mtazamaji huchagua karata, huiangalia na kuirudisha juu ya pakiti. Wewe, ukiwa umeichungulia karata ya chini, unamwomba akate pakiti na kuweka nusu ya chini juu ya nusu ya juu. Karata uliyoichungulia sasa imelala juu ya ile yake. Ukizifunua moja baada ya nyingine, karata inayofuata ile unayoijua ndiyo aliyoichagua. Mtoto wa miaka kumi huimudu kwa jioni moja. Jambo asiloweza kulimudu jioni hiyo ni kutulia: asiitazame karata ya chini kwa wizi, asiharakishe, azungumze wakati mkono unafanya kazi. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba siri iko zaidi katika kuongoza fikra za mtazamaji kuliko katika wepesi wa vidole.

Scot alijua kwamba kufichua siri kungewaharibia riziki mafundi maskini, na aliandika kuwa jambo hilo lilimsikitisha. Hata hivyo alipima riziki hiyo na shingo za wanawake wale, akachagua. Dola haikukubaliana naye. Mwaka 1597 Mfalme James wa Uskoti alichapisha kitabu chake kuhusu mashetani, akamtaja Scot kwa kumlaani. Alipokuwa tayari mfalme wa Uingereza pia, mwaka 1604 sheria kali zaidi dhidi ya uchawi ilipitishwa. Ilichukua hadi mwaka 1735 kwa Bunge kuiondoa.

Mfano wa pili unakwenda kinyume. Jean-Eugène Robert-Houdin alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, akawa fundi saa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliagiza kitabu cha utengenezaji wa saa, muuzaji akampa kwa makosa vitabu vya michezo ya kisayansi na viinimacho. Alivisoma usiku kucha. Kwa kuwa mchana alikuwa kazini, alijizoeza karata ndani ya mifuko ya koti alipokuwa akitembea. Mwaka 1845 alifungua ukumbi wake Paris, na umaarufu ukamfikia kila mtu, serikali ikiwamo.

Mwaka 1856 serikali hiyo ilimpeleka Algeria. Ufaransa ilikuwa imeivamia nchi hiyo tangu mwaka 1830, na maofisa wake waliwahofia viongozi wa kidini walioitwa marabuti, ambao waliaminika kuwa na karama na wangeweza kuchochea uasi. Robert-Houdin alitakiwa kuonyesha kwamba karama ya Mfaransa ni kubwa zaidi. Mbele ya machifu waliokusanywa Algiers, alimwita mtu mwenye nguvu akiinue kisanduku kidogo. Kikainuka. Kisha akatangaza kwamba amemwondolea nguvu zake, na kisanduku hakikusogea tena. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Masimulizi haya tunayo hasa kutoka kwake mwenyewe, hivyo tuyapokee kwa tahadhari. Anadai pia kwamba baadaye wakalimani waliwaeleza machifu kuwa yote yalikuwa ufundi tu. Hata tukimwamini, mpangilio unasema mengi: hofu ilitangulia, maelezo yakafuata kwa wakati aliouchagua mtawala. Sayansi ile ile ambayo ingeweza kufundishwa shuleni ililetwa kwanza kama muujiza wa kutisha.

Mfano wa tatu ni wa wizi. Mwaka 1902, Chicago, mtu aliyejiita S. W. Erdnase alijichapishia kitabu, *The Expert at the Card Table*, akieleza mbinu za wadanganyifu wa kamari na kisha viinimacho vya kuburudisha. Jina hilo ni la bandia. Hakujifanya mwokozi wa jamii. Alikiri kwamba alihitaji fedha. Hata hivyo vizazi vya wanamazingaombwe vimesomeshwa na kitabu hicho, akiwamo Mkanada Dai Vernon, aliyekisoma tangu utotoni. Ndani yake umo mchezo wa karata tatu, ambao mitaani kwetu unaitwa pata potea. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja. Unadhani anatupa ya chini, kumbe ametupa ya juu. Wale wanaoshinda mbele yako aghalabu ni washirika wake.

Tazama sasa jambo linalowaunganisha watatu hawa. Ufundi ni wa ukoo mmoja, lakini mmoja aliutumia kuokoa, mwingine kutiisha, na wa tatu aliuuza kwa yeyote mwenye bei ya kitabu. Tofauti iko katika swali la nani anaelezwa na lini.

Swali hilo si geni kwetu. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi ambayo tuliirithi, lakini sheria haikuzuia vikongwe kuuawa kwa tuhuma, wala haikuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya wanaoamini kuwa viungo vyao huleta utajiri. Tumewaambia wananchi mara nyingi kwamba imani hizo ni upotofu. Mara chache tumewaonyesha, kwa mikono yetu na mbele ya macho yao, jinsi jicho linavyodanganyika, kisha tukawapa karata nao wajaribu. Aliyewahi kumdanganya rafiki yake kwa karata ya chini hahitaji mhadhara mrefu kuhusu mganga anayetoa sindano mwilini mwa mgonjwa, au tapeli anayeahidi kuzidisha fedha maradufu, au mwanasiasa anayezungumza sana wakati mkono mwingine unafanya kazi. Atajua pa kutazama.