SMA: nusu ya baba, nusu ya mama

Ndugu zetu wa kundi, kuna watoto wanazaliwa wazima, wanacheka vizuri, halafu baada ya miezi michache shingo haikazi, miguu haichezi, hata kukohoa ni shida. Mtaani jibu linakuja haraka: wamerogwa, ama ukoo wa mama una laana. Ugonjwa mmoja unaofanya hivyo unaitwa SMA.

Mwaka 1891 daktari Guido Werdnig wa Austria aliandika habari za watoto wawili, ndugu wa tumbo moja, misuli yao ikiisha polepole. Johann Hoffmann wa Heidelberg, Ujerumani, naye akafuata na wagonjwa wake. Zile neva za uti wa mgongo zinazoamuru misuli zilikuwa zimekufa. Kwa nini? Hapo dunia ilikaa karibu miaka 100 bila jibu.

Mwaka 1990 watafiti wakafika kwenye kromosomu ya 5. Mwaka 1995 timu ya Judith Melki, Ufaransa, ikaitaja jeni yenyewe: SMN1. Inatengeneza protini ambayo neva hizo haziwezi kuishi bila yake. Kwa kawaida mtoto anaugua akipokea nakala mbovu kwa baba na nyingine mbovu kwa mama. Wazazi wenyewe ni wazima kabisa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Sasa baba anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto kama huyu, nusu ya habari ni yake. Tumesema.

Sasa utamu uko hapa. Tunayo pia jeni ya pili, SMN2, karibu pacha wa ile ya kwanza. Herufi moja tu inafanya seli, ikisoma ujumbe wake, iruke kipande kimoja, na protini nyingi inatoka mbovu. Adrian Krainer, mzaliwa wa Uruguay anayefanya kazi Cold Spring Harbor, Marekani, pamoja na wenzake wakatafuta namna ya kuizuia seli isiruke. Ndiyo ikaja nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, inadungwa mgongoni. Mwaka 2019 ikaja Zolgensma, virusi visivyoleta ugonjwa vinavyobeba jeni nzima, dozi moja tu. Bei yake? Zaidi ya dola milioni 2, yaani wacha tu. Mwaka 2020 ikaja risdiplam, ya kunywa nyumbani.

Hakuna kati ya hizo inayofufua neva iliyokufa. Watoto waliotibiwa kabla ya dalili, wengi wao wamekaa, wengine wanatembea. Ndiyo maana nchi nyingi tajiri hupima tone la damu ya kisigino siku za kwanza.

Utafiti wa 2014 uliogusa Mali, Nigeria na Kenya ulikuta wabebaji ni wachache kuliko Ulaya; Mali walikadiria mtu 1 kati ya 209. Wachache, sawa. Ila watu 209 hata bloku moja ya kambi inawazidi.