Keroka na Tatizo la Almasi

Mji wa Keroka uko mpakani mwa Kisii na Nyamira, kaunti mbili zilizozaliwa na wilaya moja ya zamani ya Kisii. Zimezozania ushuru wa mji huo.

C++ ilikutana na swali hilo mwaka 1989, toleo 2.0 liliporuhusu klasi kuwa na wazazi wawili. Wazazi hao wakiwa na babu mmoja, mjukuu hupata nakala mbili za babu, na konstrakta ya babu huitwa mara mbili. Stroustrup aliweka urithi wa "virtual": mjukuu mwenyewe humwita babu, mara moja tu. Java (1995) ilikataa klasi kuwa na wazazi wawili. Python 2.3 (2003) iliwapanga foleni moja.

Mchuuzi wa Keroka naye anahitaji kanuni hiyo: ushuru mara moja, mkusanyaji ajulikane.