Makelele Yaliyogeuka Muziki

Wako watu wasemao kwamba makelele ni adui wa muziki. Historia ya kundi la Sonic Youth, lililoanzishwa mjini New York, Marekani, mwaka 1981, yatufunza vingine.

Thurston Moore, Kim Gordon na Lee Ranaldo walianza na uhaba. Magitaa waliyoweza kununua yalikuwa ya bei rahisi, na yalipokazwa nyuzi kwa desturi hayakutoa sauti ya kupendeza. Hawakuyatupa. Kila gitaa walilikaza kwa namna yake, wakapachika bisibisi na vijiti vya ngoma kati ya nyuzi, kisha wakasikiliza. Hivyo kasoro ya chombo ikawa chemchemi ya sanaa.

Mwaka 1985 alijiunga mpiga ngoma Steve Shelley, na vurumai ile ikapata mhimili. Santuri yao ya mwaka 1988, Daydream Nation, baadaye iliingizwa na Maktaba ya Bunge la Marekani katika hazina ya sauti za taifa. Mwaka 1990 walitoa santuri yao ya kwanza katika kampuni kubwa ya Geffen. Hatari ya kumezwa na biashara ilikuwapo. Lakini baadaye walianzisha chapa yao wenyewe ya kutolea majaribio yao.

Mwaka 1999 vyombo vyao viliibwa huko California. Kwa kuwa magitaa mengi yalitengenezwa kwa nyimbo maalumu, wezi walichukua mali pamoja na sauti. Hata hivyo kundi liliendelea hadi mwaka 2011.

Tuwaambie basi vijana wetu: uduni wa chombo si udhuru wa kutotunga.