Msanifu Majengo Aliyehesabu Herufi za Kiingereza

Mchezaji yeyote wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, anajua kwamba E ina pointi moja tu, na kwamba anayeokota Q au Z ameokota pointi kumi pamoja na kazi ya kutafuta neno la kuitumia. Thamani hizo hazikubahatishwa. Zilitokana na hesabu ya mkono ya mtu aliyekosa ajira, wakati Marekani imebanwa na mdororo mkuu wa uchumi.

Alfred Mosher Butts alizaliwa mwaka 1899 huko Poughkeepsie, jimbo la New York, akasomea usanifu majengo. Uchumi ulipoanguka, ujenzi nao ukasimama, na mwaka 1931 kazi ikamponyoka. Akiishi Jackson Heights, katika eneo la Queens, akaanza kuchunguza michezo ambayo watu hununua. Akaona iko ya namna tatu: ya namba, kama dadu na bingo, ya kusogeza kete, kama drafti na sataranji, na ya maneno. Hii ya tatu ilikosa utaratibu mzuri wa pointi. Akaamua kuunda mchezo wa maneno ambao bahati na ujuzi vingegawana uzito.

Wazo la kuhesabu alilipata kwenye hadithi ya Edgar Allan Poe, “The Gold-Bug”, iliyotoka mwaka 1843. Humo mtu anafumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu alama: inayojirudia kuliko zote lazima iwe E, na kutoka hapo nyingine zinafunguka hadi anaifikia hazina ya maharamia. Maarifa hayo yalikuwa ya kale. Al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad, aliyaandika katika karne ya tisa, na inafaa jina lake lisisahauliwe kila hadithi hii inaposimuliwa.

Butts akachukua magazeti, likiwamo The New York Times, akahesabu herufi moja baada ya nyingine. Hatimaye seti ikatulia kwenye vipande 100: E 12, A na I tisa kila moja, O nane, Q na Z kipande kimoja kimoja, na viwili vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote. Lakini ustadi wake unaonekana zaidi kwenye S. Magazetini imejaa tele, ila yeye aliipa vipande vinne tu. Kwa Kiingereza, ukibandika S mwishoni mwa nomino au kitenzi mara nyingi unapata neno jipya. Kama zingekuwa nyingi, mchezaji angeganda kwenye maneno ya wenzake bila kuumiza kichwa. Hapo Butts aliweka hesabu kando akafuata akili ya mchezo.

Mchezo huo aliuita kwanza Lexiko, na haukuwa na ubao. Mwaka 1938 akauongezea ubao, akauita Criss-Cross Words. Kampuni kubwa za michezo zikaukataa. Miaka kumi baadaye rafiki yake, James Brunot, akachukua haki za kuutengeneza, akaupa jina la Scrabble na kulisajili. Mwaka 1949 Brunot na mkewe walitengeneza seti 2,400 huko Connecticut na wakapata hasara ya dola 450. Mambo yaligeuka duka la Macy’s lilipoanza kuuuza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1954 ziliuzwa karibu seti milioni nne. Butts alikuwa akilipwa senti chache tu kwa kila seti. Alifariki mwaka 1993.

Kamusi rasmi ya wachezaji wa Marekani ilitoka mwaka 1978, na hapo utafutaji wa maneno kwa herufi ukawa taaluma. Mabingwa hupanga herufi saba kwa mfuatano wa alfabeti na kukariri kila neno linaloweza kutoka humo. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Kifaransa mwaka 2015 bila kuizungumza lugha hiyo. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Kiingereza.

Namvulia kofia Richards, lakini kwa mwanafunzi neno lisilo na maana ni nusu ya neno. Akikutana na “qi”, afungue kamusi ajue kuwa ni nguvu ya uhai katika fikra za Wachina. Maneno yetu ya Kiswahili pia hukubalika kwenye mashindano ya dunia ya Kiingereza: “mzee” linaleta pointi 15, na “uhuru” linakula U tatu kati ya nne zilizopo.

Hata hivyo, seti hiyo ni ya Kiingereza. Q na X hazimo katika alfabeti yetu, K iko moja tu, na A tisa hazitoshi lugha ambayo karibu kila sentensi imejaa A. Walimu wenye vilabu vya Kiswahili, wapeni wanafunzi magazeti na kalamu wahesabu herufi zetu wenyewe, kisha wakate vipande vyao.