Polisi, Kipande na Umri: Njia za Kuwapeleka Vijana katika Shule za Kurekebisha Tabia Nchini Kenya, 1919–1963

Historia ya shule za kurekebisha tabia nchini Kenya aghalabu huanzia mahakamani, kwa kuwa hukumu ya hakimu ndiyo iliyomtia kijana shuleni. Insha hii inadai kuwa uamuzi mzito zaidi ulitangulia hukumu hiyo. Ulifanywa barabarani na katika kituo cha polisi, pale askari alipomtazama kijana na kukata shauri kama ni mtoto au mtu mzima.

Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1919 sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915, ilianza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kitambulisho chenye alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kwa hiyo umri ukawa jambo la kukaguliwa njiani, ilhali Waafrika wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kijana aliyekutwa mjini bila kipande aliweza kuhesabiwa mtoto ambaye sheria hiyo haikumhusu, au mtu mzima aliyeivunja. Kipimo kilikuwa jicho la askari. Tuhuma ileile ya uzururaji ingeweza kuishia katika viboko, kurudishwa kijijini, kifungo gerezani au miaka kadhaa Kabete.

Sheria ya 1934 kuhusu watoto ilikusudia kuwatenga na watu wazima mahakamani na kizuizini. Hata hivyo, kinga hiyo ilimfaa yule tu aliyekwisha kutambuliwa kuwa mtoto. Aliyeandikwa mtu mzima kituoni aliingia mahakamani akiwa ameipoteza.

Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilizidisha utata huo. Katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954, askari na polisi waliwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakiwamo wavulana. Hapa kabila na tuhuma ya kiapo vilitangulia umri. Wavulana kadhaa walipitia kambi ya Manyani kabla ya kuhamishiwa Wamumu, Embu, ambako tangu 1955 walifundishwa kazi za mikono na nidhamu. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi Wamumu, alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuanzisha Starehe mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana wasio na makao jijini. Hivyo, huduma kwa vijana na kizuizi chao vilichangia asili moja.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Shule hizi zilijengwa juu ya imani hiyo, lakini askari ndiye aliyeamua nani angali mbichi. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kuweka taratibu za kumwepusha mtoto na mashtaka. Historia iliyojadiliwa hapa inaonyesha kuwa manufaa ya taratibu hizo yatategemea swali la kwanza kituoni: huyu ana umri gani, na nani anathibitisha? Mtafiti anayesoma kumbukumbu za mahakama pekee atawakosa wale ambao jibu la swali hilo liliwanyima utoto wao.